Farasi wasubiri kukuche

Zamu ya 8, asubuhi, kwenye gemu ya vita ya kompyuta. Mpinzani wangu kasogeza mwanagenzi wake wa uchawi kijumba kimoja mbele kuliko inavyotakiwa, kimoja tu, na mi farasi wangu nilikuwa nimemweka nyuma ya mstari tangu zamu ya 5, hajagusa mtu, hajachukua kijiji, kasimama tu kwenye nyasi karibu na ngome. Rafiki yangu aliyekuwa anaiangalia mechi alishaniuliza mara mbili, we huyo farasi wa dhahabu 23 umemnunua wa nini kama hapigani? Nikamwambia subiri kukuche.

Gemu ni Battle for Wesnoth, ile ya bure, ya zamu kwa zamu, ramani yake ni vijumba vya pembe sita. Ipo tangu 2003, aliianzisha David White, na mpaka leo watu wanaiendeleza kwa kujitolea na hata kompyuta ya zamani inaibeba bila shida. Nimeicheza miaka sasa, na kama kuna kitu kinaniuma kila nikiangalia mechi za wenzangu ni jinsi watu wanavyowamaliza farasi wao bure. Mtu ananunua farasi zamu ya kwanza, anamrusha mbele kwa sababu ana mbio, anakutana na adui wa kwanza anampiga, zamu inayofuata farasi hayupo, afu anaandika kwenye gumzo la mechi kwamba farasi ni dhaifu. Si dhaifu jamani. Katumika vibaya. Mi naamini kazi kubwa ya farasi anaifanya kabla hajapiga mtu, na hiyo ndo nataka nieleze vizuri leo maana nikieleza kwa sentensi mbili watu hawanielewi.

Tumwangalie kwanza huyu farasi mwenyewe. Kwenye skrini ameandikwa Horseman, dhahabu 23, damu 38, mwendo 8, mkuki wake unachoma mara 2 na kila choma ni 9. Sifa yake ni ile dabo: akianzisha yeye shambulio, kila choma inakuwa mara mbili, ila na kila pigo atakalorudishiwa nalo linakuwa mara mbili. Watu wengi wanasoma nusu ya kwanza wanafurahi, nusu ya pili wanaipita. Nusu ya pili ndo inayoamua umpige nani.

Sasa yule mwanagenzi, Dark Adept, dhahabu 16, damu 28, anarusha baridi na giza kutoka mbali na anaumiza kwelikweli, uchawi wake unapata mara 7 kati ya 10 hata ujifiche wapi. Lakini hana silaha ya mkononi hata moja. Hana kisu, hana fimbo. Ukimfuata ukamchoma kwa karibu anakutazama tu. Kwa hiyo kwake dabo ya farasi ni faida tupu, hasara ya kurudishiwa haipo.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu. Asubuhi farasi anaongezewa robo ya nguvu, ile 9 inakuwa 11 na ushee, ukiipiga dabo ni 22. Yeye ana damu 28. Kwenye uwanda kila choma ina nafasi 60 kwa 100 ya kumpata, kwa hiyo ukimrusha farasi peke yake unahitaji choma zote mbili zipate, na hiyo ni 36 kwa 100. Ndogo sana kwa kitu cha dhahabu 23. Ila tanguliza mpiga upinde. Mshale mmoja wa asubuhi ukipata unatoa 7, damu inabaki 21, na 21 kwa farasi ni choma moja tu. Kupata walau choma moja kati ya mbili ni 84 kwa 100. Umeona? Kutoka 36 mpaka 84 kwa mshale mmoja, na mpiga upinde ana mishale mitatu, kukosa yote mitatu ni kama 6 kwa 100. Mpiga upinde atarudishiwa baridi, sawa, lakini mchana ule uchawi umepungua nguvu robo nzima, atavumilia.

Ndo nilivyofanya. Mshale wa kwanza ukakosa, wa pili ukapata, wa tatu ukapata, damu yake ikabaki 14. Mpiga upinde wangu akala 8 mara moja. Afu nikambonyeza farasi, nikampeleka vijumba saba kwa kuzunguka kichaka, akafika ubavuni. Choma ya kwanza ikakosa na hapo roho inadunda, ya pili ikapata. Kwisha. Mpinzani anacheza jeshi la wafu, akabaki na askari wake wa mifupa mitupu mbele hawana mchawi nyuma, na mifupa bila mchawi asubuhi ni kazi ya rungu na subira tu.

Sasa rudi nyuma kidogo, zamu ya 5 mpaka ya 7, wakati rafiki yangu ananiuliza farasi anafanya nini. Alikuwa anafanya hivi: mwendo 8 kwenye nyasi maana yake anaweza kufika vijumba 8 na kumpiga aliye kwenye cha 9. Chora duara hilo kwenye ramani. Kila mwanagenzi atakayekutwa ndani ya duara lile kukikucha ni maiti mtarajiwa, na mpinzani wangu ni mchezaji mzuri, analijua hilo, kwa hiyo zamu tatu nzima wachawi wake wawili walibaki nyuma nyuma wanazurura, na mchawi asiyerusha kitu ni dhahabu 16 iliyolala. Farasi wangu mmoja aliyesimama aliwalaza wawili, dhahabu 32. Mstari wangu wa mbele ukapumua usiku mzima, usiku ambao kawaida ndo wa kunyooshwa. Nikimrusha yule farasi zamu ya 5 ningepata nini? Ningepata pigo moja dhaifu na duara lingefutika.

Ndo maana nasema kazi yake kubwa ni kabla ya kupiga. Tishio likishatumika limekwisha, unalitumia mara moja kwa kitu kinacholingana nalo.

Na hili halijaanza kwenye gemu. Vita vya Cannae kule Italia, 216 KK, jemadari Hannibal wa Karthago dhidi ya Warumi. Kila mtu anakumbuka jinsi katikati yake ilivyorudi nyuma polepole Warumi wakaingia kama kwenye mfuko, lakini mi nikisoma habari za siku ile macho yangu yanaenda kwa farasi. Upande wa kulia aliwaweka Wanumidia, watu wa kaskazini mwa Afrika, wapanda farasi wepesi wa kurusha mikuki, na wale hawakwenda kuwamaliza farasi wa washirika wa Roma waliokuwa mbele yao, waliwashughulisha tu, wanakuja wanaondoka, wanakuja wanaondoka, mpaka wale wakawa hawawezi kwenda popote. Kumbe muda huohuo kamanda wake Hasdrubal upande wa kushoto na farasi wazito anawavunja farasi wa Roma pale kando ya mto, afu hakuwakimbiza mpaka upeo wa macho, akageuza, akavuka nyuma ya jeshi lote la Roma kwenda kuwasaidia Wanumidia, washirika wakakimbia kabla hajawafikia vizuri, akawaachia Wanumidia kazi ya kuwafukuza, na yeye akageuka mara ya pili akaingia mgongoni mwa askari wa miguu. Pigo la mgongoni likaja mwisho kabisa, wakati askari wa miguu wa Roma wameshabanwa hawana nafasi hata ya kugeuka. Hebu fikiria angekuwa ni mtu wa kukimbiza, angewafukuza wale wa kwanza mpaka jioni na vita ingeamuliwa bila yeye.

Kila nikitaka kumrusha farasi wangu mapema namkumbuka yule Hasdrubal anayegeuza mara mbili.

Haya, turudi kwenye ile nusu ya pili ya dabo, kwa sababu hapa ndipo farasi wengi wanapofia na mimi nimewapoteza hapahapa. Mechi moja ya zamani kidogo, mimi na mpinzani tulikuwa na jeshi la aina moja, na nikamwona askari wake wa mkuki kasimama peke yake uwandani, mchana kweupe. Spearman, dhahabu 14. Nikasema huyu ni bei rahisi, ana damu 36, choma zangu mbili za mchana ni 44, amekwisha. Nikabonyeza. Sikufungua ile kurasa ya hesabu ambayo gemu inakupa kabla hujathibitisha shambulio. Ningeifungua ningeona. Yule askari ana mapigo 3 ya 7, mchana anaongezewa robo kama mimi, farasi ana udhaifu wa asilimia 20 kwa kitu chochote kinachochoma, afu juu ya hapo dabo yangu mwenyewe inanigeukia. 7 ile inafika 21. Farasi ana damu 38. Mikuki miwili tu ikimpata kafa. Na kibaya zaidi mkuki ule una sifa ya kuanza kupiga hata kama wewe ndo umeanzisha, kwa hiyo ananichoma kabla sijamchoma.

Baadaye nilikaa nikaipiga hesabu yote kwa kalamu, wote wana damu kamili, wote uwandani. Nafasi ya mimi kumuua: 23 kwa 100. Nafasi ya farasi wangu kufa: 54 kwa 100. Yaani nilikuwa natoa dhahabu 23 kununua bahati nasibu ambayo kufa kwangu ni zaidi ya mara mbili ya kuua kwangu, na nilichokuwa nakitafuta ni cha dhahabu 14. Farasi akafa kwenye mkuki wa pili. Tangu siku ile sijawahi kuanzisha shambulio la farasi bila kufungua ile kurasa, hata kama mechi ina saa na sekunde zinakwenda.

Kwa hiyo orodha yangu ya nani wa kupigwa na farasi wa dabo ni fupi sana na inanitosha. Wachawi wasio na silaha ya mkononi, hao ni wake kabisa. Wapiga upinde na wachawi wa kawaida wenye kifimbo, hao wanarudisha lakini kidogo, ila angalia damu zao vizuri, yule Mage ana 24 na choma yako ya mchana ni 22, inakukosea 2! Mbili tu! Mguse kwanza na chochote, hata jiwe. Afu wale waliojeruhiwa ambao wamejificha nyuma wakipona kijijini, hao ni chakula cha farasi kwa sababu hakuna mwingine kwenye jeshi lako anayeweza kuwafikia. Mifupa usiguse, mkuki unapita kwenye mbavu tu, ile 22 kwa Skeleton inashuka mpaka 9 na yeye anarudisha mashoka matatu. Na yeyote mwenye mkuki, wa mti au wa chuma, levo 0 au levo 3, mwache, mtafutie mtu mwingine.

Kuhusu muda. Siku ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, halafu usiku mara mbili. Asubuhi na alasiri farasi anaongezewa robo, usiku zote mbili anapunguziwa robo, alfajiri na magharibi yuko kawaida. Wafu na maorki, yale majitu ya hadithi, ni kinyume chake. Hilo kila mtu analijua baada ya mechi mbili. Ambacho watu hawakiangalii ni kwamba ukishambulia hapa huwezi kusogea tena, farasi anabaki palepale alipochoma, kwa hiyo swali la pili baada ya namuua au simuui ni je, atajibiwa saa ngapi. Kama we ni mchezaji wa kwanza, ukipiga alasiri mpinzani anakujibu bado ni alasiri, bado ni dhaifu, vizuri. Kama we ni mchezaji wa pili, ukipiga alasiri mpinzani anakujibu magharibi, amesharudi kwenye nguvu zake, na zamu yako ikija ni magharibi na farasi wako yuko ndani kabisa ya watu na usiku unaingia. Farasi yuleyule na pigo lilelile, lakini mmoja anarudi nyumbani na mwingine harudi. Mi nikiwa mchezaji wa pili napenda kupiga asubuhi, alasiri naitumia kumtoa au kupiga kitu ambacho kiko upande wa kurudi.

Ardhi pia. Mwendo 8 ni wa nyasi na barabara. Mlima mdogo unakula 2, msitu unakula 3, maji ya kina kifupi na kinamasi 4, milima mikubwa haingii kabisa. Msitu 3 maana yake vijumba viwili vya miti na amebaki na 2 mkononi, duara lako lote la tishio limekufa. Kwa hiyo kabla sijanunua farasi naangalia ramani kwanza, kama katikati ni miti na maji nanunua watu wengine na siumii. Na usimfiche farasi msituni ukidhani amelindwa, kule kinga yake inashuka mpaka 30 kwa 100, uwandani ni 40. Ni mnyama wa uwanda, mwache uwandani.

Kuna jambo la vijumba sita. Kila askari wa levo 1 kwenda juu anatawala vijumba sita vinavyomzunguka, ukiingia kimojawapo mwendo wako unaishia hapo, hata ubaki na 7. Ndo maana adui wawili wakiacha nafasi ya vijumba viwili kati yao bado ni ukuta kwa farasi, kila kijumba kinamgusa mmoja wao. Vikifika vitatu, kile cha kati kiko huru na farasi anapita. Watu wanaopanga mstari haraka haraka wanaacha tatu mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa pembeni karibu na ukingo wa ramani. Na sasa sikiliza hii, kwa sababu imenipa ushindi mwingi dhidi ya wafu: askari wa levo 0 hatawali chochote. Ile mizoga inayotembea, Walking Corpse, dhahabu 8 moja, mpinzani anaipanga mitano mbele unaona ukuta mkubwa, lakini kwa farasi ule ukuta una matundu kila penye kijumba kitupu, unapita katikati yao bila kusimama mpaka kwa mchawi aliyejiona salama. Mara ya kwanza nilipoligundua hilo nilirudia ile zamu kwenye marudio mara tatu kuhakikisha nimeona vizuri.

Kuna farasi wa pili nimemsahau mpaka hapa, na hastahili kusahauliwa. Yule wa upanga, Cavalryman, bei yake ni chini ya huyu wa dabo, damu 34, upanga mara 3 wa 6, hana dabo. Huyu kazi yake ni tofauti kabisa. Vyuma alivyovaa vinapunguza pigo la upanga na shoka kwa asilimia 30, kwa hiyo dhidi ya maorki wenye mapanga yeye ni ukuta unaotembea, unamweka pale ambapo mstari umepasuka, zamu hii kulia, zamu ijayo kushoto. Grunt, askari wao wa upanga mwenye pigo la 9, mchana anamtoa 5 tu. Mtu akiniuliza anayeanza aanze na farasi gani namwambia huyu, anasamehe makosa. Ila naye mikuki inamuua, na maorki wana kitu cha dhahabu 9 tu, goblini wa mkuki, levo 0, damu 18, unamwona kama takataka. Usiku yule goblini anamchoma farasi 9 mara tatu. Wakija wawili ni mapigo sita, kwa wastani yanapata matatu na nusu hivi, ni kama 32 kati ya damu 34. Dhahabu 18 inakaribia kumwangusha farasi wako kwa zamu moja, na wa tatu akifika imekwisha. Kwa hiyo magharibi ikiingia mi nahesabu magoblini kabla sijahesabu kitu kingine chochote.

Wanaocheza Civilization VI wataniambia kwao si hivi, na kweli si hivi, lakini sehemu fulani ni ileile. Kule farasi hazuiwi na vile vijumba vinavyotawaliwa na adui, anapita kati ya watu kama hawapo, hiyo peke yake inabadilisha kila kitu. Farasi wa zamani za kale ana nguvu 36 na mwendo 4, wakati askari wa miguu ana mwendo 2, na askari wa mkuki ana 25 lakini anaongezewa 10 dhidi ya farasi, inakuwa 35. Kwa hiyo kule farasi akikutana na mkuki wako karibu sawa, si kifo cha papo hapo kama Wesnoth, lakini kumbuka mwenzio analipa kidogo kupata hiyo 35 na wewe unahitaji na farasi wenyewe ardhini. Kosa ninaloliona kule ni watu kupeleka farasi kwenye kuta za mji. Gogo la kubomolea linawasaidia askari wa miguu, farasi halimsaidii, anapiga ukuta anakwaruza tu na mji unamrushia mishale. Mpeleke mashambani. Kupora shamba kunamrudishia damu 50 kati ya 100, kunakula mwendo 3, kwa hiyo anasogea kijumba kimoja na kupora zamu hiyohiyo, na akifika levo ya kupata ile sifa ya kupora kwa mwendo 1 tu, basi huyo anaishi kwenye nchi ya adui wiki nzima bila kurudi nyumbani. Adui akitoa askari nje ya kuta kwenda kumfukuza, ndipo askari wako wa miguu wanapoukuta mji hauna watu. Ni Wanumidia walewale, shughulisha, usimalize.

Nirudi kwenye mechi yangu. Baada ya kumuua yule mchawi asubuhi ya zamu ya 8 farasi alibaki ubavuni mwa adui, mifupa miwili ikamgeukia, mmoja wa shoka na mmoja wa upinde. Wa shoka mchana hana meno sana. Wa upinde ndo niliyekuwa namhofia, mishale inachoma, na akampata mara mbili. Farasi akatoka kwenye ile zamu na damu 20. Alasiri, zamu ya 9, kulikuwa na mchawi wa pili vijumba vinne tu mbele, ana damu 28 zote, na rafiki yangu anapiga kelele mmalize, mmalize! Nikafungua kurasa ya hesabu: 36 kwa 100. Mpiga upinde wangu alikuwa mbali. Na mimi mechi ile nilikuwa mchezaji wa pili, maana yake jibu lingekuja magharibi.

Sikupiga. Nikamgeuza, vijumba sita nyuma mpaka kijiji cha karibu na mto, kila zamu atakayolala pale anarudishiwa 8. Kwenye nafasi yake nikaweka askari wa rungu akabane mifupa. Mpinzani akaandika kwenye gumzo neno moja tu, "mvumilivu", na yule mchawi wake wa pili magharibi ile hakusogea hata kijumba kimoja mbele, maana kutoka kijijini pale mpaka aliposimama ni vijumba 10 na alikuwa amevihesabu. Zamu ya 10 ikaja, ya 11, ya 12. Kulipokucha zamu ya 13 farasi alikuwa na damu 38 zote, na mpiga upinde alikuwa ameshafika.